Bakuli Lisilo na Mwenyewe

Jumapili, 2 Oktoba

Mchungaji Gaddis kaniharibia! Nilimwambia wiki iliyopita, kwa mdomo wangu mwenyewe, pale mlangoni pa kanisa: usitangaze bado, kuna mtu sijamwambia. Akaitikia kwa kichwa. Leo katikati ya matangazo, baada ya wagonjwa na kabla ya mchango wa paa – eti dada yetu Vernell Tate anatuacha, anahamia Milwaukee kwa binti yake, tarehe kumi na tano. Watu wakasema aaah. Kanisa zima likageuka kunitazama. Mtu mmoja tu hakugeuka. Ozella alikuwa amesimama mlangoni na glavu zake nyeupe za ukaribishaji, anajipepea. Mkono ukasimama.

Nilitaka kumwambia Alhamisi, haki ya Mungu. Alileta kunde kwenye lile bakuli la bluu, akakaa barazani kwangu, tukamsema Shemasi Purvis na mkewe mpaka tukatokwa machozi kwa kucheka. Nikasema nisiharibu. Nikasema Ijumaa. Ijumaa nikasema Jumamosi. Jumamosi nikafua mapazia.

Ozella haendeshi tena kwa sababu ya macho. Jumapili zote tunaenda na kurudi pamoja kwenye gari langu, yeye na mto wake wa maua wa kukalia. Leo nikangoja pale chini ya mti, mlango nimemfungulia kabisa. Nikamwona anapanda pikapu ya Shemasi Purvis! Pikapu ile ile anayosema inanuka mbwa aliyelowa. Wakapita mbele yangu. Shingo imenyooka kama nguzo ya uzio.

Nimerudi peke yangu, na mto kwenye kiti cha pembeni. Sikula. Ngozi ya kuku kidogo tu.

Jumatatu, 3 Oktoba

Binti yangu Delphine alinipa daftari hili niandike presha yangu asubuhi na jioni. Presha sijapima tangu Julai. Kuandika naandika.

Basi niandike kwa nini naondoka, maana leo nimejiuliza nikiwa nafagia na nikasahau jibu.

Mwezi wa pili nilianguka bafuni. Nikabaki pale sakafuni kati ya beseni na ukuta, nyonga haitaki kusikia lolote, baridi imeniingia mpaka kwenye meno. Nikapiga kelele. Nani wa kusikia? Huku kutoka nyumba hadi nyumba ni shamba zima, na mashamba yenyewe siku hizi ni misonobari ya watu wa kampuni tu. Kilichoniokoa ni taa.

Mimi na Ozella tuna utaratibu wetu, tangu waume zetu walipofariki. Jua likizama kila mmoja anawasha taa ya barazani. Asubuhi ukiamka unaizima. Mwenzako ng'ambo ya barabara akiona imezimwa, anajua umeamka, uko hai, anaendelea na kahawa yake. Siku ile yangu ikawaka mpaka jua likapanda. Ozella akaja na fimbo yake, akavunja kioo cha mlango wa jikoni kwa sufuria yangu mwenyewe iliyokuwa nje, akaingia anagomba. Kwanza akanifunika. Halafu akagomba tena.

Hospitali ya mjini ilishafungwa. Gari la wagonjwa likatoka kaunti ya pili, na dereva akapotea njia. Delphine aliposikia hayo alilia kwenye simu mpaka mimi ndiye nikambembeleza. Mama, siwezi tena, akasema. Kila simu ikilia usiku nadhani ni wewe. Nikasema sawa. Nikasema nitakuja. Nilisema ili anyamaze, halafu ikawa kweli.

Asubuhi ya leo taa ya Ozella imezimwa kama kawaida. Kawaida anapunga mkono dirishani. Leo hakupunga. Na mimi sikupunga, sikutaka kuonekana nimeanza.

Jumatano, 5 Oktoba

Bakuli liko kwangu, na zamu ni yangu. Huku kwetu hakuna anayerudisha chombo kitupu. Umeletewa chakula, umekula, umeosha, unatia chako ndani, ndipo unarudisha. Mama yangu alirudisha chombo kitupu mara moja tu maishani mwake – kwa mwanamke aliyekuwa akizungukazunguka na baba. Yule mama alihama kanisa.

Hili la bluu si langu wala si la Ozella. Lilikuja na chakula cha msiba wa mama yake, miaka ile. Chini lilikuwa na plasta nyeupe yenye jina, kama vyombo vyote vya msiba, ila jina lilishafutika kwa kuoshwa. Ozella akasema ni langu. Nikamwambia langu lina mistari. Akajaza biskuti, vimkate vyetu laini vya siagi, akaniletea: chukua bakuli lako. Nikajaza bamia nikamrudishia: chukua bakuli lako wewe. Hatujaacha mpaka leo. Limekwenda na kurudi barabara ile kuliko basi la shule.

Basi leo nikapika sukuma wiki na mkia wa nguruwe wa kukaushwa, kama anavyopenda, pilipili kidogo, mchuzi mwingi wa kuchovya mkate wa mahindi. Nikavuka. Alikuwa uani anaanika taulo.

"Habari za asubuhi, Ozella."

"Nzuri, Bi. Tate."

Bi. Tate! Huyu mtu amenisuka nywele. Huyu mtu amenishika mguu nikizaa.

"Nimeleta sukuma."

"Asante. Weka hapo kwenye ngazi, paka hayupo."

Nikaweka. Nikasema nilitaka kukwambia mwenyewe, Mchungaji kaniwahi. Akabana kibanio kwenye taulo, akabana na kingine mahali ambapo hapakuhitaji kibanio.

"Nilikuwa barazani kwako Alhamisi," akasema. "Nimekaa mpaka matako yakaniuma. Ulinieleza habari za Purvis, ulinieleza habari za mke wa Purvis, ulinieleza habari za mbwa wa Purvis. Lako nikaenda kulisikia kanisani, mimi na wageni waliotoka Selma."

Nikasema sukuma zina chumvi ya kutosha. Eti! Ndicho kilichonitoka.

Ijumaa, 7 Oktoba

Purvis kaja kuchukua kuku. Anasema atawatunza kama mabinti zake. Nikamwambia mabinti zako wote walikimbilia Atlanta, hebu watunze vizuri kuliko hapo. Akacheka mpaka akashika mlango wa pikapu. Jogoo hakukamatika. Tumemfukuza kuzunguka nyumba, wazee wawili wenye magoti mabovu, jogoo akapanda juu ya banda la kisima akatutazama. Purvis akasema mwache, huyo anabaki kulinda nyumba.

Nyumba haiuzwi. Nani anunue? Purvis atakata nyasi. Nitaifunga tu kwa kufuli.

Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, Ozella anasemaje. Akasema kila mtu akimuuliza anajibu yuko salama, amelala vizuri, anashukuru. Purvis akakuna kichwa. Kisha akasema, unajua Ozella akisema analala vizuri ujue hali ni mbaya.

Nimefunga sanduku la jikoni. Unga nimechukua mifuko ya kutosha, maana unga wa kaskazini haufai, biskuti zinatoka kama kokoto. Delphine mwenyewe hunipigia simu kuniomba. Na pichi za chupa, matunda ya mti wa marehemu mume wangu Rufus pale kisimani. Mwaka huu mti ulizaa vibaya, nimepata chupa chache, nyingine nimewapa watu. Imebaki moja. Hiyo naenda nayo. Nimeivika soksi mbili za Rufus isivunjike.

Sasa niandike na jingine, maana hapa hakuna anayesoma. Nafurahi! Si muda wote. Lakini Delphine alinitumia picha ya chumba changu. Dirisha linaangalia barabara yenye taa, na chini kuna duka, na mbele ya duka mama mmoja anauza maua kwenye ndoo. Nikajiona nashuka ngazi na koti langu zuri, nanunua vitunguu viwili tu, kwa sababu navitaka, bila kuwasha gari, bila kupita kwa mtu, na hakuna hata mmoja anayeniuliza nyonga inaendeleaje. Hakuna anayejua kwamba nina nyonga! Huku nikipiga chafya, watu wa kule darajani wananiombea. Nimechoka kujulikana. Mwaka mzima sijapata siri hata moja, na hiyo moja niliyopata Mchungaji kaitangaza kabla ya sadaka.

Na kwani mimi nimeolewa na Ozella? Ana mpwa wake mjini Mobile. Aende kwa mpwa wake.

Nimeandika hivyo na nimeona haya. Lakini sifuti.

Jumapili, 9 Oktoba

Jumapili yangu ya mwisho. Mchungaji akaniita mbele, kanisa likapanga mstari, kila mtu akanishika mkono. Wengine walinishika kama natoka hospitalini, wengine kama naingia. Ozella naye akapita na glavu. Akasema Mungu akulinde njiani. Akasogea.

Mchungaji akauliza wakiniandikia barua ya kuhamisha ushirika, niipeleke kanisa gani huko. Nikasema subirini kwanza. Jina langu liacheni lilipo, halili chakula. Watu wakacheka. Sikuwa natania.

Kisha chakula, kwenye meza ndefu kule nyuma. Miaka yote mimi niko jikoni – nimepikia shule ya kaunti mpaka nikastaafu, sijui kukaa penye sherehe. Nikafunga aproni. Dada Nadine akanifungua aproni kwa nyuma, hivi hivi naona! Leo wewe ni mgeni, akasema, kaa. Nikasema nikoroge tu mchuzi. Akasema kaa, mama, tukuhudumie. Nikakaa. Mikono haikujua iende wapi. Nimekunja kitambaa cha karatasi mpaka kikawa kama ukucha.

Ozella ndiye aliyegawa kuku. Nikamwona anakuja na sahani yangu, na moyo ukaanza kunienda mbio kama msichana. Akaiweka mbele yangu bila kunitazama. Kidari! Kidari kikubwa cheupe, kama anachopewa Mchungaji, kama wanachopewa watu wa kutoka mbali. Ozella anajua sili kidari. Tangu tukiwa wasichana anajua mimi ni wa mgongo na shingo, kila Jumapili ananifichia mgongo chini ya kitambaa kabla wanaume hawajafika mezani.

Nimekila chote. Kilinikaba kooni, nikakisukuma na chai ya barafu. Nadine akasema ona alivyo na hamu.

Sikutaka kulia mbele za watu. Nililia kwenye gari, pale kwenye mchepuko wa daraja. Hapo nikaona mto wa maua bado uko kwenye kiti. Nimesahau kumpa tena. Au sikutaka kumpa.

Jumanne, 11 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Nikaamka, nikazima taa yangu, nikatazama ng'ambo.

Taa ya Ozella inawaka.

Nikaweka kahawa. Nikasema amechelewa, ni mvua. Nikarudi dirishani. Inawaka. Nikanywa kahawa nimesimama. Kweupe kabisa sasa, magari ya magogo yanapita na mvua, na ile taa inawaka tu pale barazani. Nikapiga simu. Haipokelewi.

Sikuvaa viatu. Nimetoka na kanzu ya kulalia na koti la Rufus, nimevuka barabara bila kutazama huku wala huku, tope mpaka kwenye vifundo, nyonga inapiga kelele na mimi napiga kelele – Ozella! Ozella! Nimeokota jiwe. Nilikuwa nimeshainua mkono kuvunja kioo. Mlango ukafunguka.

Amesimama pale, amevaa vizuri, nywele zimechanwa.

"Unavunja nini nyumbani kwangu?"

"Taa!" nikasema. "Taa yako inawaka, wewe mwanamke!"

"Najua inawaka. Nimeiacha."

"Umeiacha?"

"Nilitaka kuona kama bado unaangalia."

Nilitamani nimpige na lile jiwe! Naapa. Maji yananitiririka puani. Nikamwambia huo si mchezo, nimekufa mara mbili hapo barabarani. Nikamwambia una roho mbaya, ulikuwa na roho mbaya tangu darasa la tatu. Akasikiliza yote. Kisha akauliza, taratibu, bila ukali hata kidogo, na afadhali angenifokea:

"Haya. Leo umekuja. Jumapili ijayo ikiwaka, ataiona nani?"

"Purvis..."

"Purvis yuko nyuma ya kona. Kutoka kwake huoni hata moshi wangu."

Mvua ikawa inapiga bati. Nilisimama pale nimeshika jiwe. Jibu hakulingoja kwa hasira, alilingoja kama mtu anayetaka kweli kujua. Mwishowe akaingia ndani, akatoka na taulo, akanipa nifute miguu. Nikafuta. Akachukua taulo. Akazima taa kwa mkono wake mbele yangu, akafunga mlango polepole.

Hakunikaribisha ndani. Na hilo bakuli nililiona juu ya meza yake, nyuma ya bega lake, limeoshwa.

Jumatano, 12 Oktoba

Mguu umevimba. Nimempigia Purvis, nimemwomba awe anampigia Ozella kila asubuhi. Akasema atajaribu, lakini simu hapokei, unamjua. Nikasema basi apite. Akasema nitapita, nitapita, na nikasikia kwa sauti yake kwamba atapita wiki mbili.

Nimempigia na Delphine. Nikauliza kwa kuzungukazunguka: hicho chumba changu, kinaweza kuingia vitanda viwili? Mama, akasema, ni kwa ajili ya nani? Nikasema nauliza tu ukubwa. Akasema Mama. Nikasema basi.

Hata hivyo Ozella asingekubali. Ana mume makaburini, ana watoto wawili makaburini, anawapalilia kila Jumamosi. Mimi nina Rufus tu, na nimemlipa Purvis amwandikie jina upya kwenye jiwe la kaburi, limeandikwa vizuri. Nilikwenda kumuaga leo. Nikasimama. Nikamwambia imebaki chupa moja ya pichi na naenda nayo. Nikamwambia nakwenda kwa binti yako. Upepo tu.

Alhamisi, 13 Oktoba

Nimepunga mkono dirishani asubuhi. Nilianza mimi. Pazia lake likatikisika. Inawezekana ni paka.

Ijumaa, 14 Oktoba

Delphine amefika na lori la kukodi, amechoka, amenenepa kidogo, mzuri. Amenikumbatia mpaka miguu ikainuka. Ananukia kama dukani. Anapita vyumbani anasema Mama, hiki tunakiacha, Mama, hiki nacho tunakiacha. Kila anachosema tunakiacha nakitazama nakiona kizuri.

Jioni akaniona nimekaa barazani natazama barabara.

"Unamngoja nani?"

"Bakuli," nikasema. "Zamu ni ya Ozella. Lina siku nyingi kwake."

"Mama, ni bakuli tu. Nitakununulia jipya, tena zuri."

Nikamtazama mwanangu. Nimemzaa hapa, amelishwa kwenye hilo bakuli akiwa hana jino. Hajui. Tulimsomesha ili aende, akaenda. Sina wa kumlaumu.

Akakaa kando yangu, akaweka kichwa begani kwangu. Mama, akasema, huendi kufungwa, unakuja kuishi na mimi. Ninakutaka mimi. Sikuchukui kwa huruma, ninakutaka. Nikamshika mkono. Ni kweli na yeye yuko peke yake kule, nimeisikia kwenye sauti yake miaka yote na nimejifanya ni simu mbovu. Ee Mungu, mtu akatwe vipande vingapi?

Taa zikawaka, yangu na yake, karibu kwa pamoja.

Jumamosi, 15 Oktoba

Taa yake ilizimwa mapema, kabla ya yangu. Nikafungua mlango na bakuli liko kwenye ngazi. Limeoshwa, limefutwa, mfuniko juu.

Nilicheka kwa furaha! Nikamwita Delphine, nikasema si nilikwambia? Nikaliinua. Jepesi. Nikafunua mfuniko.

Tupu.

Hakuna hata biskuti. Hakuna hata kitambaa. Niliingiza mkono ndani kama mjinga, nikapapasa.

Nimekaa kwenye ngazi nimelipakata. Delphine anapakia, ananipita na kiti, ananipita na taa, anasema uko sawa, Mama? Nasema niko sawa. Mama yangu alifanya hivi kwa mtu mmoja tu. Basi Ozella amenimaliza. Amenifuta. Halafu nikawaza – au ananiachia? Ananiambia nenda, shoga, hunidai, sikudai, nenda huko kwenye maua yako ya ndoo, usinigeukie? Ozella anaweza lolote kati ya hayo mawili. Anaweza yote mawili kwa pamoja. Sijui lipi linaniuma zaidi.

Nikasimama. Nikasema hapana. Kwa sauti! Delphine akageuka na godoro mkononi.

"Hapana nini?"

"Shusha sanduku la jikoni."

"Liko chini kabisa, Mama, limefunikwa na –"

"Shusha."

Akashusha. Simlaumu kwa maneno aliyoyasema. Nikatoa unga. Nikatoa ile chupa ya pichi, nikaivua soksi za Rufus, nikaifungua, ikalia pop. Harufu ya Julai jikoni kote, na jikoni hakuna kitu, ukuta mtupu na jiko. Gesi iko kidogo. Siagi na maziwa ni ya kahawa ya Delphine, nimeyamaliza yote. Nimekorogea kwa mkono, sina mwiko. Nikamimina kwenye bakuli, unga chini, pichi juu, sukari, nikalisukuma ndani ya oveni.

Delphine kaingia kasema saa. Njia ni ndefu, wanakodisha lori kwa siku, amepanga tulale Kentucky. Nikasema linaiva kwanza. Akasema kwa nini sasa? Nimwambieje? Nikasema nalivusha ng'ambo likiwa limejaa, ili zamu iwe yake. Akilipata la moto mkononi atafanyaje? Itabidi alirudishe. Na kulirudisha itabidi anitafute, au mimi nije kulichukua. Delphine macho yakamjaa machozi. Akasema nitakuwa kwenye lori.

Sasa naandika nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Daftari hili nalo lilipaswa kuwa kwenye mkoba. Jogoo yuko juu ya kisima. Mto wa maua nimeuweka mapajani, nao nitampelekea. Harufu inaanza kuja, bado rangi haijashika juu.

Nimesimama kuangalia oveni, nikatazama dirishani kwa mazoea tu.

Taa ya Ozella imewaka.

Asubuhi aliizima, niliona kwa macho yangu. Mchana kweupe sasa, jua kali, hakuna wingu. Na imewaka. Hakuna mtu barazani. Pazia limefungwa.

Amefanya makusudi. Nina hakika amefanya makusudi. Alileta bakuli kwa miguu yake mwenyewe. Ananiita, basi, kwa njia yake ya ukorofi. Au ameteleza, akakamata ukuta, mkono ukagusa swichi, na sasa yuko chini.

Bakuli bado bichi katikati. Nimelitoa hivyo hivyo, nimelifunga kwa soksi za Rufus lisiniunguze.

Delphine anapiga honi. Apige. Mimi navuka.